Umechaguliwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Hisa: Namna ya Kuongoza Majirani Zako

Kuongoza majirani ni kugumu kuliko kuongoza ofisi. Ofisini kuna mshahara, kuna barua ya onyo, na asiyeelewana na mkuu wake anaweza kutafuta kazi kwingine. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, yule unayemdai leo ndiye mtakayepanga naye foleni ya maji kesho, ndiye atakayekuja kukupikia ukifiwa, na pengine ni wifi yako. Kiti hicho hakina mshahara wala huna askari. Watu 25 wanaleta elfu mbili mbili zao kila wiki kwa sababu wanaamini hazitapotea, na siku wakiacha kuamini watabaki nyumbani, kila mmoja na sababu yake.

Wengi wanaokalia kiti hiki hawajawahi kuongoza chochote kabla yake. Ni wauza mboga, mafundi cherehani, madereva wa bodaboda, mama lishe. Nimekaa na vikundi vya namna hii muda wa kutosha kuamini jambo moja: mwenyekiti mzuri hajengwi na ufasaha wala ukali. Anajengwa na utaratibu ambao kila mtu anauona kwa macho yake, na kwa kukubali utaratibu huo umbane yeye kabla haujambana mwingine. Anayejifunza hilo kwenye kikundi cha mtaani anaweza kuongoza kamati ya shule, msikiti, kanisa au kampuni yake mwenyewe.

Mwongozo huu unafuata mzunguko mmoja, tangu siku unapopokea kiti mpaka siku unapokiachia. Vikundi vinatofautiana, na VICOBA (benki za kijamii za vijijini) vina taratibu zake, kwa hiyo pima kila hatua na katiba yenu.

Hatua ya 1: Pitieni katiba mstari kwa mstari

Katiba nyingi zimenakiliwa kutoka kikundi cha jirani, zikapigwa muhuri, zikafungiwa kabatini. Chukua nakala, kaa na katibu kabla ya kikao chako cha kwanza, mtafute majibu. Hisa moja ni shilingi ngapi, na mtu anaruhusiwa kununua ngapi kwa kikao? Vikundi vingi huweka hisa moja hadi tano. Mkopo usizidi mara ngapi ya akiba ya mkopaji? Kawaida ni mara tatu. Unarejeshwa ndani ya muda gani, na kwa riba ipi? Anayechelewa analipa nini, na asiyekuja kabisa? Mfuko wa jamii unatoa kiasi gani kwa ugonjwa na kwa msiba?

Hapo kwenye msiba simameni zaidi. Katiba inasema "msiba wa mzazi", basi. Mama mkwe ni mzazi? Na aliyelelewa na shangazi tangu akiwa mchanga? Suala hili likikukuta mwenzenu tayari yuko matangani, utaamua kwa huruma, na huruma hiyo itadaiwa na kila atakayefiwa baadaye. Asiyeipata ataondoka na kinyongo ambacho hatakisema. Liamueni wakati hakuna mfiwa kati yenu, liandikwe, na wanachama wakubaliane nalo kikaoni.

Kisha katiba yote isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, hata kama itachukua vikao viwili. Usiulize nani hajui kusoma. Wasomee wote.

Kama mko Tanzania, hakikisha pia kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii kwenye daraja la nne la watoa huduma hizo, na usajili wake hupitia halmashauri. Mtu wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kikundi kisicho na cheti hakina pa kusimama kikidhulumiwa, na hakiwezi kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya 2: Faini ikikupata wewe, lipa bila kuulizwa

Siku moja utachelewa. Mtoto ataumwa, daladala itaharibika njiani. Utaingia na kukuta watu wamekaa, na mtu mmoja mwema atasema, "Mwenyekiti alikuwa na dharura, tuendelee." Mshukuru, toa faini, iweke mezani kabla hujakaa. Usieleze sababu mpaka uwe umelipa.

Nimeona vikundi vikibadilika kwa jambo hili dogo kuliko kwa semina yoyote. Mwenyekiti akisamehewa mara moja, wiki inayofuata mweka hazina naye atakuwa na dharura, kisha rafiki wa mweka hazina, na mwishowe faini itabaki kwa wanyonge wasio na mtu wa kuwatetea.

Hatua ya 3: Hela ihesabiwe mbele ya macho ya wote

Hapa ndipo kikundi kinapona au kinapokufa.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo tatu zishikwe na wanachama watatu tofauti ambao si viongozi, na sanduku lenyewe lilale kwa mtu mwingine asiye na ufunguo wowote. Lisifunguliwe popote isipokuwa kikaoni. Wanachama wakae nusu duara, kila mtu aone meza. Katibu aite mmoja mmoja, kwa namba au kwa jina. Aliyeitwa alete hela mwenyewe, wahesabu fedha wawili wazihesabu kwa sauti, watamke idadi ya hisa, na katibu agonge muhuri kwenye kijitabu chake, hisa moja muhuri mmoja. Mwenye kijitabu akitazame kabla ya kurudi kukaa.

Utaona ni polepole, na wenye haraka watakuambia hivyo. Watasema wapitishe hela kwa mpigo, mtahesabu baadaye. Kataa kwa upole, kila wiki. Utaratibu huu una asili yake. Ulianzia Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la misaada la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo daftari lao lilikuwa vichwa vyao: kila kitu kilifanyika mbele ya wote, na wote walikikumbuka. Asiyejua kusoma hakuweza kudhulumiwa kwa maandishi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba daftari analolielewa mtu mmoja tu halitoshi.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kila kikao. Kabla ya kufunga sanduku, wahesabu watangaze salio la mfuko wa mikopo na salio la mfuko wa jamii, na wanachama walirudie kwa sauti. Kikao kinachofuata, kabla ya kuanza, chagua mtu yeyote umuulize: "Mfuko wa mikopo tuliuacha na shilingi ngapi?" Akijibu, sanduku lifunguliwe, hela ihesabiwe, ilingane. Utaratibu huu unakulinda wewe kuliko unavyomlinda mwingine yeyote. Mwenyekiti aliyefuata hayo hana haja ya kuapa kwamba hajala hela ya mtu.

Simu imeleta urahisi na imeleta giza pia. Mwanachama yuko safari, anatuma hisa zake kwenye namba ya mweka hazina, mweka hazina anazitumia kwa shida yake akijua atarudisha Jumamosi ya kikao, Jumamosi inafika na hela haipo. Hapo huenda hakuna mwizi, ila kuna njia iliyoachwa wazi. Wekeni kanuni kwamba hela ya kikundi haiingii kwenye simu binafsi ya kiongozi. Aliye safarini ampe hela mwanachama mwenzake aje nayo kikaoni, au mfungue huduma ya simu ya vikundi, kama M-Koba, au akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kilichoingia kwa simu wiki hiyo kisomwe kwa sauti kikaoni, kiasi na jina la aliyetuma.

Hatua ya 4: Jifunze kunyamaza kwenye kiti

Sandukuni kuna 600,000. Maombi ya mikopo ni matatu: mmoja anataka 400,000 za kuezeka nyumba, mwingine 300,000 za mtaji wa dagaa, wa tatu 400,000 za ada ya mtoto. Jumla 1,100,000. Watu wote wanakutazama wewe.

Ukisema unavyofikiri, kazi imekwisha. Wachache watakuunga mkono kwa sababu wewe ni mwenyekiti, na waliokosa watajua ni wewe uliyewanyima. Badala yake, kila mwombaji asimame aeleze shida yake na namna atakavyorejesha. Kisha waulize wenyewe: "Kati yenu, nani anaweza kupunguza? Nani anaweza kusubiri wiki nne?" Mara nyingi wa kuezeka atasema mvua bado, aanze na 100,000 za mbao, na mwenye ada atasema shule inapokea kwa awamu, 200,000 zitamtosha kwa sasa. Pamoja na dagaa wa 300,000, hesabu imefika bila mtu kunyimwa. Yasipopatikana makubaliano, ndipo unapowageukia wanachama.

Unapowageukia, usianze na wale watatu wanaosema siku zote. Kila kikundi kina watu wawili au watatu wenye sauti, na si wabaya, ila wakitangulia wao wengine hufunga midomo. Anza na yule aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni. Usimuulize "Una maoni gani?", swali hilo linatisha. Muulize jambo lenye umbo: "Dada, hizi hela zingekuwa zako, ungempa nani kwanza, na kwa nini?" Atasema kwa sauti ndogo. Rudia alichosema ili wote wasikie, na mtaje kwamba ndiye aliyesema. Baada ya vikao kadhaa atasema bila kuulizwa.

Mzee akinyoosha mkono, mpe nafasi kwa heshima yake, lakini dakika za mzee na za kijana ziwe sawa. Na siku ombi la mkopo ni lako wewe, mwachie katibu kiti, toka mbele, ukae na waombaji wenzako mpaka liamuliwe.

Hatua ya 5: Kumfuata mdaiwa

Kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna sehemu ya uongozi huu inayowavunja watu kama hii, na hakuna inayowakuza kama hii. Wengine huona haya, wakanyamaza mpaka deni limeoza. Wengine hufoka. Wote wawili hupoteza hela na mtu.

Anza kabla ya tarehe. Wiki moja kabla ya marejesho, pita kwa mkopaji mwenyewe, nyumbani au kwenye biashara yake wakati hakuna wateja. Usimpigie kelele kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Jina likishatajwa pale, limetajwa kwa waume, kwa wake na kwa majirani wote. Mtu aliyeaibishwa hukimbia, na aliyekimbia halipi.

Mazungumzo yenyewe yawe ya kawaida:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapo."

"Asante. Biashara inaendeleaje?"

"Ah, mwanangu, samaki wamepanda bei, wiki mbili hizi sijaona kitu."

"Pole sana mama. Nimekuja kwa ajili ya Jumamosi, tarehe yako ya marejesho. Kwa hali hii utafika na shilingi ngapi?"

Tazama swali hilo la mwisho. Hukumuuliza kama atalipa, umemuuliza atafika na kiasi gani. Mtu asiye na 150,000 anaweza kuwa na 40,000, lakini kwa kuwa hana zote ataona aibu kuja na pungufu, na atakaa nyumbani. Mwambie pungufu inapokelewa. Kubalianeni atakacholeta Jumamosi na atakacholeta kila wiki baada ya hapo, muandike kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Kikaoni aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba ameomba kulipa kidogo kidogo. Wanachama ndio wanaokubali au kukataa, pamoja na faini kama katiba inaitaja. Wewe usisamehe hela ambayo si yako.

Asipofika na asipokee simu, nenda tena, safari hii na mdhamini wake. Mdhamini aliweka jina lake, ana haki ya kujua mapema kabla hajadaiwa yeye. Ikishindikana kabisa, fuata katiba: akiba yake ifidie deni, kinachobaki kidaiwe kwa mdhamini, na shauri lipelekwe kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kwa barua yenye saini za viongozi.

Kuna jambo moja naliomba kwa moyo wangu wote. Msiende kubeba godoro la mtu. Msichukue cherehani yake, masufuria, televisheni. Watu wamejiunga na vikundi hivi wakikimbia mikopo ya kausha damu, ile inayokuja na vijana wa kutoa vitu ndani huku watoto wakiangalia. Kikundi kikianza kufanya hivyohivyo kwa mwanachama wake, hata kama sheria iko upande wenu, mtapata thamani ya godoro na mtapoteza kila aliyesimama mlangoni akiona. Cherehani ndiyo ingemlipia deni.

Na kama mdaiwa ni ndugu yako? Mkabidhi katibu shauri hilo kikaoni, wazi, tangu siku ya kwanza. Usimbane zaidi ili uonekane mwadilifu, wala usimfiche.

Hatua ya 6: Ugonjwa na msiba

Mfuko wa jamii utoke siku hiyohiyo. Kwa kuwa sanduku halifunguliwi nje ya kikao, tengeni mapema kiasi kidogo cha dharura ambacho viongozi wawili wanakitunza na kukitolea hesabu, au mpange namna ya kuitisha kikao cha dharura jioni ileile. Mwenyekiti aende msibani mwenyewe. Hapo hakuna zaidi la kufundisha. Kila Mswahili anajua kukaa na mfiwa.

Hatua ya 7: Daftari lako wewe

Tafuta daftari dogo ambalo si la kikundi. Usiku wa siku ya kikao, kabla ya kulala, jibu maswali matatu. Nani hakusema chochote leo? Nani nilimkatiza? Nimeahidi nini, na kwa nani? Mistari mitatu inatosha.

Baada ya miezi michache rudi nyuma usome. Utaona jina la mtu mmoja likijirudia kwenye swali la kwanza, na huyo ndiye wa kumtembelea. Utaona jina jingine likijirudia kwenye swali la pili, na hapo utajijua wewe, maana tunaowakatiza ni wale ambao moyoni hatuwaheshimu. Ahadi zisizotimizwa zihamishie ukurasa mpya kila wiki mpaka uzitimize au ukamwambie mhusika kwamba huwezi.

Hatua ya 8: Kugawana

Mzunguko mwingi ni wa miezi 9 hadi 12. Simamisheni mikopo mipya mapema, ili marejesho yote yawe yameingia kabla ya siku ya kugawana. Kisha fanyeni hesabu mbele ya wote, kwenye ubao au karatasi kubwa.

Chukua mfano. Wanachama 25 wamenunua hisa 3,900 kwa mwaka, kila moja shilingi 2,000, jumla 7,800,000. Riba na faini zimeongeza 1,560,000, kwa hiyo sandukuni kuna 9,360,000. Gawanya kwa hisa 3,900: kila hisa sasa ni shilingi 2,400. Mwenye hisa 180 aliweka 360,000, anaondoka na 432,000. Mpe mwanachama asiye kiongozi chaki arudie hesabu hiyo mwenyewe, na subirini mpaka kila mtu ajue hisa zake mara 2,400 ni ngapi kabla noti hazijaanza kutoka.

Siku na saa ya kugawana isitangazwe mtaani. Kama ni hela nyingi, fanyeni kazi hiyo mchana, na watu waondoke kwa makundi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, muulize kila mwanachama kikaoni anataka kufanya nini na hela yake. Anayesema mbele ya wenzake kwamba atanunua mabati ana nafasi kubwa ya kuyanunua.

Hatua ya 9: Kuachia kiti

Uchaguzi ufanyike kila mzunguko mpya, hata kama wote wanakutaka. Kura iwe ya siri, na haihitaji karatasi: kila mgombea apewe mfuko wa rangi yake, mifuko iwekwe nyuma ya pazia, na kila mwanachama aingie na kijiwe kimoja. Asiyejua kuandika anapiga kura sawa na mwalimu.

Ukishindwa, au ukimaliza muda wako, kabidhi siku hiyohiyo. Katiba, cheti cha usajili, madaftari, muhuri, orodha ya wadaiwa na makubaliano yao ya maandishi, majina ya wanaoshika funguo, nenosiri na kadi za akaunti kama zipo. Kila kitu kitajwe kwa sauti na katibu aandike. Wiki hiyo mpeleke mwenyekiti mpya kwa afisa maendeleo ya jamii umtambulishe, kisha mpitishe kwa kila mdaiwa ambaye bado ana makubaliano, ili ajue sura na ajue kilichoahidiwa.

Kikao kinachofuata kaa katikati ya wanachama, nunua hisa zako, nyamaza. Mwenyekiti mpya akikugeukia kikaoni kukuuliza la kufanya, mtajie kipengele cha katiba na umwachie aamue na wanachama. Akija nyumbani kwako jioni, mkaribishe ndani umweleze yote unayoyajua.